Dubai hadi Guangzhou: kwa nini tiketi yaonyesha masaa kumi na moja kwenda na manne na kitu kurudi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la viatu na mikoba Kariakoo. Mwezi wa kumi nataka kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, ila nitaanzia Dubai ambako nina mzigo wa kumalizia. Nimeangalia tiketi: kuondoka Dubai 10:15, kufika Guangzhou 21:30. Kurudi ni kuondoka Guangzhou 00:15 tarehe 23, kufika Dubai 05:00 tarehe hiyo hiyo. Kwa hesabu yangu kwenda ni masaa kumi na moja na robo, kurudi hayafiki matano. Ndege ya kurudi inapita njia ya mkato? Umbali hasa ni kilomita ngapi? Na nikitua Dubai saa 11 alfajiri, nitawahi ndege ya Dar ya 06:30 ambayo nimeiona kwa bei nzuri kwenye shirika jingine? Mfanyabiashara, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lililokutatiza. Hakuna mkato, na ukweli ni kinyume cha ulivyohesabu: kurudi ndiko kurefu. Safari ya kwenda kwenye tiketi yako ni masaa 7 na dakika 15. Ya kurudi ni masaa 8 na dakika 45. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi siku zote ni za mji ule unaotajwa, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa masaa manne. Ukielekea mashariki, chukua tofauti uliyoiona, masaa 11 na robo, utoe manne. Ukirudi magharibi, chukua yale 4 na dakika 45, uongeze manne. Nchi zote mbili hazibadilishi saa kwa majira ya joto na baridi, kwa hiyo hesabu hii haibadiliki mwaka mzima. Ukitaka kuihesabu kutoka nyumbani, Guangzhou iko mbele ya Dar kwa masaa matano.

Umbali wa mstari mfupi kabisa kati ya viwanja viwili hivi ni takriban kilomita 5,830. Nasema mstari mfupi kabisa juu ya dunia, ambayo ni mviringo, si juu ya karatasi. Kwenye ramani ya ukutani Dubai na Guangzhou zinakaa karibu usawa mmoja, moja nyuzi 25 kaskazini ya ikweta na nyingine nyuzi 23 na kitu, na mtu akipiga rula anaona njia inanyooka tu mashariki. Lakini njia fupi ya kweli inapinda kwenda kaskazini kwanza. Inatoka Dubai, inakata karibu na Khor Fakkan, inavuka Ghuba ya Oman na kugusa Iran usawa wa mji mdogo wa pwani uitwao Jask. Inaingia Balochistan na Sindh, Pakistan, ikiacha Karachi kusini kwa zaidi ya kilomita 200. Inapita katikati ya Jaipur na Delhi, inafika kilele chake cha kaskazini maeneo ya Lucknow, halafu inaanza kuteremka: kusini mwa Nepal, Bhutan, kaskazini mwa Myanmar, kisha Yunnan na Guangxi ndani ya China, hadi Guangzhou.

Nilifanya kazi miaka mingi ya kuandaa mipango ya safari za ndege, ile karatasi anayokabidhiwa rubani kabla hajaingia kwenye chumba chake, na nakuhakikishia kwamba mstari huo mzuri haupitiwi hivyo ulivyo. Sababu ya kwanza ni milima. Usawa wa mpaka wa Nepal na Sikkim, jimbo la India, mstari huo unapita kama kilomita 60 tu kusini ya Kangchenjunga, mlima wa mita 8,586. Ndege ikiwa mita 11,000 inaupita kwa juu bila shida. Shida ni pale hewa ya ndani ikivuja ghafla. Vinyago vya oksijeni vinaanguka mbele ya abiria, na katika ndege nyingi vinatoa hewa kwa robo saa hivi au zaidi kidogo. Ndani ya muda huo rubani lazima awe ameteremka mpaka kama mita 3,000, ambako mtu anapumua mwenyewe. Sasa huwezi kuteremka mita 3,000 mahali ambapo ardhi yenyewe iko mita 5,000. Ndiyo maana mpangaji anaisogeza njia kusini kidogo, juu ya tambarare za Bihar na Bengal huko India, au Bangladesh, ambako chini kuna nafasi ya kuteremkia na viwanja vya kukimbilia. Abiria anayesikitika kwamba hakuiona Everest dirishani ajue kwamba umbali huo uliwekwa kwa ajili yake.

Mbele kidogo, kati ya Assam ya India na Kunming ya China, utapita juu ya eneo ambalo kuanzia 1942 hadi 1945 marubani wa Marekani walipeleka mafuta, silaha na chakula China wakati Wajapani wameziba barabara ya Burma. Ndege zao za pangaboi hazikuwa na uwezo wa kupaa juu ya hali mbaya ya hewa kama za leo, na mamia zilipotea kwenye milima ile. Wewe utaipita sehemu hiyo ukiwa na sahani ya chakula mbele yako. Mimi kila nilipochora mpango wa safari kupitia pale niliwakumbuka.

Tuje kwenye muda. Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawa 5,830 kwa 900 unapata masaa 6 na dakika 29. Tiketi inasema 7 na robo. Tofauti imekwenda wapi? Kwanza, saa ya kuondoka iliyo kwenye tiketi ni saa ndege inaposukumwa kutoka mlangoni, na saa ya kufika ni pale inaposimama kwenye mlango wa upande wa pili. Kuruka na kutua ni jambo la katikati. Dubai ni uwanja wenye msongamano na njia mbili za kurukia, kwa hiyo kutembea ardhini na kusubiri zamu kwa dakika 20 ni jambo la kawaida. Kuna kupaa, ambako ndege haijafikia kasi yake kamili. Kuna kuzunguka kutafuta mstari wa kutua. Kuna kile kipande kilichoongezwa kwa ajili ya milima. Na mashirika huweka dakika za akiba ili ratiba isivunjike kwa foleni ndogo. Hayo yote yakijumlishwa, dakika 45 si nyingi.

Lakini hilo halielezi kwa nini kurudi kuzidi kwenda kwa saa moja na nusu. Hapo ni upepo, na hapa naomba uvumilie maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo jambo lenye uzito kuliko yote kwenye njia hii.

Juu ya kaskazini mwa India na kusini mwa China, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Miezi ya baridi, kuanzia mwezi wa kumi ukielekea wa nne, mkondo huo unakaa kusini ya Himalaya, karibu kabisa na njia yako, na kiini chake mwezi wa kwanza hupita kilomita 200 kwa saa bila mtu kushangaa. Ndege haijui habari ya ardhi, inaogelea ndani ya hewa. Kasi yake ya 900 ni dhidi ya hewa, na hewa yenyewe ikiwa inakwenda mashariki, ndege inabebwa nayo. Chukua wastani wa kilomita 100 tu kwa saa njia nzima. Kwenda, kasi juu ya ardhi ni 1,000, na kilomita 5,830 zinakatwa kwa masaa 5 na dakika 50. Kurudi, kasi ni 800, na umbali ule ule unakula masaa 7 na dakika 17. Tofauti ni karibu saa moja na nusu, kama tiketi yako inavyoonyesha.

Kuna jambo watu wengi hawalitarajii. Wanadhani upepo unaokupa kwenda na kukunyang'anya kurudi hatimaye unalipana. Haulipani. Bila upepo, kwenda na kurudi ni masaa 12 na dakika 58. Na upepo ule wa 100, jumla ni masaa 13 na dakika 7. Unapoteza daima, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokukabili kuliko ndani ya ule unaokusukuma. Dakika tisa zinaonekana ndogo, lakini upepo ukiwa mkali hasara inakua haraka, na kwa ndege kubwa kila dakika ni mafuta.

Wazee wetu wa pwani walisafiri kwa kaskazi na kusi na hawakuthubutu kung'oa nanga kwenda Arabuni msimu usio wake. Msimu ule ule wa mvua za India unaogeuza upepo wa baharini ndio unaougeuza na huu wa juu. Ikifika mwezi wa sita, bara la Asia limepata joto kali, mkondo wa magharibi unahama na kwenda kukaa kaskazini ya Tibet, na badala yake kusini mwa India unazuka mkondo mwingine unaovuma kutoka mashariki. Miezi hiyo tofauti kati ya kwenda na kurudi kwenye njia ya Dubai na Guangzhou inapungua sana. Wewe unasafiri mwezi wa kumi, wakati mkondo wa magharibi ndio unarudi kusini. Tegemea kurudi kuwa kurefu, ila si kurefu kama kwa mtu wa Januari.

Kwa sababu hiyo hata njia yenyewe hailingani sawasawa. Anayepanga safari ya kwenda mashariki anautafuta mkondo ili ndege iupande. Anayepanga ya kurudi anaukwepa, na kuna siku ni nafuu kuongeza kilomita kwa kupita kusini zaidi kuliko kugombana na upepo kwenye njia fupi. Ukiona kwenye skrini ya kiti chako kwamba mlipita kwingine wakati wa kurudi, usidhani rubani amepotea.

Lipo pia suala la nchi kufunga anga. Tarehe 27 Februari 2019 Pakistan ilifunga anga yake baada ya mapigano na India, na haikuirudisha kikamilifu hadi Julai 16 mwaka huo. Ndege za kati ya Ghuba na mashariki ya Asia zilizozoea kupita pale zililazimika kupita kusini, juu ya bahari, na kuzungukia Mumbai. Nimepiga hesabu: ukipita juu ya Mumbai, Dubai hadi Guangzhou inakuwa kama kilomita 6,130, yaani 300 zaidi. Hiyo ni kama dakika 20, haitishi. Njia hii ina bahati kwamba ina bahari upande wa kusini wa kukimbilia. Zipo njia za Asia ambazo kufungwa kwa anga moja kunaongeza masaa mawili na matatu.

Upande wa China tatizo ni jingine. Anga yake kwa sehemu kubwa husimamiwa na jeshi, na ndege za abiria hupewa korido nyembamba. Ikitokea mvua ya radi kwenye korido, hakuna nafasi ya kuchepuka, kwa hiyo waongoza ndege hupunguza idadi ya wanaoingia na wengine mnasubirishwa ardhini. Kama umewahi kusikia watu wakilalamika kwamba walikaa ndani ya ndege Guangzhou saa nzima, mlango umefungwa na ndege haijasogea, mara nyingi ni hilo. Halafu kuna hili ambalo nalipenda: karibu dunia nzima hupima kimo cha ndege kwa futi, China hupima kwa mita. Ndege inayotoka Myanmar ikiwa kwenye futi 35,000 huambiwa mpakani ihamie mita 10,700, ambazo ni kama futi 35,100. Ukihisi ndege imeinuka kidogo sana, kama imevuta pumzi, saa mbili hivi kabla ya kutua, yawezekana ndiyo hiyo.

Na usiiamini saa ya simu yako mkiwa njiani. Ukitoka Dubai unavuka Iran, ambako saa iko nyuma ya Dubai kwa nusu saa ingawa mnaelekea mashariki. Pakistan iko mbele kwa saa moja, India kwa saa moja na nusu, Nepal imeongeza robo saa yake peke yake, Bangladesh na Bhutan masaa mawili, Myanmar mawili na nusu. Kisha mnavuka mpaka wa Yunnan na saa inaruka dakika 90 kwa mkupuo, kwa kuwa China nzima, kutoka Xinjiang hadi pwani, hutumia saa moja ya Beijing. Weka simu kwenye saa ya Guangzhou tangu mkiwa Dubai, uiache hapo.

Ukitua saa tatu na nusu usiku, mwili wako utakuwa bado kwenye saa kumi na moja na nusu jioni ya Dubai. Hutasikia usingizi. Kati ya dirisha la uhamiaji na mkanda wa mizigo, hesabu saa moja na nusu kwa siku isiyo na msongamano. Uwanja wa Baiyun uko kama kilomita 28 kaskazini ya katikati ya mji, na treni ya chini inaufikia, lakini kwa saa hizo yaelekea umechelewa treni za mwisho. Panda teksi ya foleni rasmi, uwe na jina la hoteli limeandikwa kwa Kichina. Mtaa wa Xiaobei utakuta wenzetu wengi na chakula unachokijua hata usiku huo. Hoteli itakusajili polisi. Ukifikia nyumbani kwa mtu, sheria inakutaka ujisajili mwenyewe ndani ya masaa 24.

Kesho yake utaamshwa saa moja asubuhi, ambayo kwa mwili wako ni saa tisa usiku ya Dubai, saa nane usiku ya Dar. Siku hiyo zunguka, angalia viatu Zhanxi, angalia mikoba ya ngozi Sanyuanli, chukua kadi za maduka na upige picha za bei. Oda kubwa na malipo ya awali yaache siku ya pili. Kuna wafanyabiashara wazoefu kabisa waliokubali ngozi mbovu kwa sababu macho yalikuwa wazi na akili imelala.

Jambo jingine la mwezi wa kumi ni maonesho ya Canton, yale yaliyoanza 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, ya vuli yakifunguliwa kwa kawaida tarehe 15 Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Novemba. Tarehe zako zinaangukia humo humo. Hoteli hupanda bei na ndege hujaa, kwa hiyo usitegemee kubadilisha tiketi ukiwa kule.

Sasa kurudi, na hapa nakuomba usome mara mbili. Ndege yako inaondoka 00:15 tarehe 23. Hiyo ni saa sita na robo ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 22. Kwenye uwanja unatakiwa uwe saa tatu usiku ya tarehe 22. Ukilala hoteli usiku huo ukasema safari yangu ni tarehe 23, utaamka ndege imeshaondoka. Watu wengi wamepoteza tiketi kwa namna hii, na kwa kawaida shirika halirudishi pesa kwa abiria ambaye hakutokea. Kwenye simu yako andika: tarehe 22, saa kumi na mbili jioni, toka hotelini.

Mwisho ile ndege ya Dar ya 06:30. Hapana, mama, usiinunue. Umesema ni shirika jingine, kwa maana hiyo ni tiketi mbili zisizojuana. Ukitua 05:00 kwa wakati kabisa, itabidi uingie uhamiaji, na kwa pasipoti ya Tanzania hilo linahitaji viza ya Emarati iliyo hai. Usubiri mizigo kwenye mkanda, uende kaunta ya shirika la pili uikabidhi upya. Kaunta kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya kuondoka, yaani 05:30. Una nusu saa, na ndege yako bado inatafuta mlango wa kusimama. Hapo sijahesabu upepo wa kukabili, wala foleni ya korido za China, wala ukungu ambao miezi ya baridi hufunika Dubai alfajiri. Aprili 2024, siku moja baada ya maonesho ya Canton ya mwezi huo kufunguliwa, mvua ilifurika uwanja wa Dubai na safari zikavurugika kwa siku kadhaa. Wenye tiketi moja walipangiwa ndege nyingine na mashirika yao, wenye mbili walijinunulia upya.

Tafuta tiketi moja ya Guangzhou hadi Dar kupitia Dubai, hata ikizidi bei kidogo. Humo mzigo unakwenda moja kwa moja, hutoki nje ya eneo la wasafiri wa kuunganisha, na ukichelewa ni juu yao kukufikisha. Kutoka Dubai mpaka Dar ni kama kilomita 3,980, masaa matano na ushee. Ukikabidhi mabegi yako Baiyun, kabla hujaondoka kaunta soma lebo iliyozungushiwa mpini wa kila begi: herufi kubwa za mwisho ziwe DAR. Zikiwa DXB, yaani Dubai, mrudishie mhudumu hapo hapo aibadilishe.